Vitobo kwenye Mkono wa Gauni

Jumatatu, 3 Machi
Leo ovaroli tupu, marundo kumi na manne. Mgongo si wangu tena. Miaka tisa kwenye udobi huu, sasa mtu asiponiambia kazi yake, nguo yake inaniambia. Mpaka rangi: madoa mabegani. Fundi magari: mapajani, anapofutia mikono. Mchomelea vyuma: vitobo vidogo vyeusi kifuani na mikononi. Cheche hazina adabu.
Binti yangu katuma picha. Gauni la bluu, kalishona mwenyewe kwa ile cherehani niliyompelekea. Kapendeza! Kesho nitaitazama vizuri, macho yanajifumba.

Jumanne, 4 Machi
Wakati wa chai nimeikuza picha nione mshono. Umenyooka. Lakini mkono wa kushoto — vitobo! Vitatu. Vyeusi ukingoni.
Shoga yangu wa mashine ya pasi kasema labda panya. Panya gani anakula nguo kwa moto?

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia. Darasa la ushonaji vipi, mwanangu? Zuri, mama. Cherehani? Nzima. Na vyuma je?
 Akacheka, mtoto yule! Eti nani kamchongea, ni bibi? Kumbe mama yangu, anayekaa naye, anajua! Miezi miwili anaaga anakwenda darasani, kumbe anakwenda kwa fundi wa mageti. Fundi yuko tayari kumchukua mwanagenzi, ila anataka neno la mzazi Jumamosi asubuhi. Asipolipata, nafasi anapewa mwingine.
Nikamwambia hiyo kazi ya wanaume. Akasema taratibu tu: na wewe mama, hayo magunia unayobeba huko ni kazi ya nani?
Nikakata simu. Salio lilikuwepo.

Alhamisi, 6 Machi
Mama yangu kapiga. Yuleyule aliyelia siku napanda basi, akisema mwanamke haendi mbali hivi kutafuta kazi, nitamtia aibu. Leo ananiambia mlango wa jikoni hauning'inii tena, mjukuu wake kaichomelea bawaba, na mimi nikome kumsumbua mtoto. Nikome!
Niandike ukweli hapa. Nilimtakia cherehani kwa sababu mshonaji anafanya kazi ameketi. Basi. Mimi sijaketi miaka tisa.
Lakini najiuliza — ule moto unaonekanaje nyuma ya kile kioo cheusi cha wachomeleaji? Cheche ikimwangukia, anapiga kelele au anapangusa tu? Nilimhoji kama polisi, na hilo sikumuuliza.

Ijumaa, 7 Machi
Kwenye pipa la nguo zisizo na mwenyewe nimekuta ovaroli la kitambaa kizito, halina kitobo hata kimoja. Msimamizi kasema chukua, linajaza pipa bure. Lilikuwa la pande la mtu! Nimemtumia binti ujumbe: urefu wa mkono wako, begani hadi kifundoni? Kanipa, halafu akauliza, gauni jingine, mama?
Nikaenda kutafuta pini.
Nimeketi kitandani, nimefumua mikono yote miwili, napunguza. Sijaamua kitu. Napima tu. Mkono wa kushoto nautia kitambaa mara mbili.
Kesho ndiyo Jumamosi. Simu inaita — ni yeye. Na mimi nina pini nne mdomoni.