Uji wa Watoto wa Hapa

Stesheni ya treni,
Kolwezi.
9 Mei 1993

Mpendwa muloko wangu, mdogo wangu Kabemba,

Pokea salamu zangu, nazo ni nyingi kwa sababu zimekaa muda mrefu bila njia ya kukufikia. Habari ya huko Amerika? Habari ya kazi, ya baridi, ya lile goti lililokuwa likikusumbua? Naomba barua hii ikukute unakula na kulala vizuri. Sisi tu hai. Mignonne anakohoa kidogo, Muamba ameota upya meno mawili ya mbele, na mimi yaya yako, dada yako mkubwa, nimekonda mpaka ungenipita njiani bila kunitambua.

Usishangae anwani. Posta imekufa, na barua hii ataibeba dereva wa lori mpaka Zambia. Amenipa muda mpaka saa sita mchana, kwa hiyo sitazunguka sana, ingawa unajua ninavyopenda kuzunguka. Nina jambo la watoto ambalo lazima ulisikie kwangu mwenyewe. Wewe ni mjomba wao, na kwa ukoo wa mama yetu kule Fungurume mtoto hachukuliwi popote bila neno la mjomba.

Barua yako ya Januari niliipata mwanzoni mwa mwezi wa pili. Umeniandikia habari za wakubwa wa huko wanaotaka serikali ibane matumizi, ipunguze misaada ya maskini, isile zaidi ya inachopata. Unasema maneno yao yanakuvutia, kwa kuwa uliona nchi yetu ilivyoliwa na watu wasiojua neno kubana. Lakini yule mama mweusi jirani yako wa ghorofa ya chini amekuambia kwamba wakisema hivyo wanamsema yeye, ila hawataji jina lake. Ukaniuliza mimi, kati ya watu wote, kama mtu anaweza kupenda ekonomi, huko kubana matumizi, kwa moyo safi, au kama ni chuki tu iliyovaa suti.

Nilicheka sana siku ile. Nilijua kwa nini umeniuliza mimi. Ni nani aliyekuwa akisawazisha meka ya unga kwa mgongo wa kisu, asikubali hata punje ipande juu ya ukingo wa kopo lile la kupimia? Si mliniita Mama Meka, wewe na wenzako, mkidhani sisikii? Nikaanza kukuandikia jibu la kujivuna, kwamba ndiyo, moyo safi upo, na ni huu wangu. Jibu lile nimelichana.

Redio labda imekueleza yaliyotupata. Tangu mwezi wa tatu watu wenye asili ya jimbo la Kasai wanafukuzwa katika nyumba zao. Wamezaliwa hapa, babu zao waliletwa hapa kuchimba shaba, na wengi Kasai hawajawahi kuiona. Sasa wanalala hapa stesheni kwa maelfu, wakingoja treni inayokuja inapotaka. Shemeji yako, mume wangu Ngeleka, ni mmoja wao. Kazini kwake walianza kwa kupunguza watu, wakasema ni uhaba wa fedha.

Lakini jiko la uji lilitangulia hayo yote. Unakumbuka nilikuandikia kwamba wamama wa mtaa wetu tulianzisha jiko la kuwapikia watoto uji asubuhi, kwa sababu mishahara ilikuwa haitoki. Mimi nilipima unga, na Mbombo, yule rafiki yangu wa Kasai mwenye kicheko kikubwa, alishika mwiko. Mtoto wake wa mwisho, Mukendi, alikuwa mgongoni mwake kila siku, akinusa mvuke.

Mwishoni mwa mwezi wa pili unga ulipungua. Mwenyekiti wetu, Tata Nkulu, akaita kikao, akasema tupunguze watoto, wabaki wale wenye asili ya hapa tu. Alisema kwa upole, kofia mkononi. "Mama Godelieve, hatuna chuki na mutu. Ni ekonomi tu. Bunga iko kiloko, batoto ni bengi."

Mimi nikasema, kama ni ekonomi, tuanze na sisi. Kila mjumbe wa kamati alikuwa akibeba meka mbili za unga kila Jumamosi, eti za uchovu, na mimi nikiwemo. Nilikuwa nimepiga hesabu: unga ule ungewatosha watoto wote waliokuwa wakifukuzwa, na kubaki. Mmoja alikohoa. Tata Nkulu akanitazama kwa huruma, akapitisha karatasi ya kusaini.

Kwa hiyo nilijua kwamba haikuwa ekonomi. Sitakudanganya kwamba sikujua. Ila niliuliza swali moja tu, nani hasa wanaotoka, na niliposikia ni watoto wa Kasai nikasema moyoni kwamba wangu wamo ndani, kwa sababu kwetu mtoto ni wa mama. Hesabu zao ghafla zikaonekana sawa kabisa. Nikasaini. Nilikwenda nyumbani na meka zangu mbili, na usingizi wangu ulikuwa mzuri tu.

Jumatatu Mbombo alikuja kazini kama kawaida, akaisoma karatasi iliyobandikwa ukutani. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Ni saini yako hii?" Nikasema ndiyo. Akaniwekea mwiko mkononi, akamkaza Mukendi mgongoni na kuondoka.

Halafu watoto wakapanga mstari na vikombe vyao, na karani akaanza kusoma majina. Mignonne Ngeleka, toka. Muamba Ngeleka, toka. Nikamwambia amekosea, hawa ni wa kwetu, ukoo wa Fungurume. Akanieleza bila hasira kwamba ofisi inahesabu asili kwa baba. Muamba alidhani ni mchezo. Alitoka kwenye mstari akazunguka kwenda kupanga tena nyuma, kikombe kichwani. Mimi nilikuwa nimeshika ule mwiko wa Mbombo.

Mwezi uliofuata ndipo wakaja kututoa nyumbani. Tulibeba godoro moja, masufuria, na meka yangu. Tumekaa hapa wiki ya sita sasa.

Mbombo yuko hapa, hatua ishirini kutoka kwetu. Mukendi alikufa wiki ya pili, kwa kuhara. Nilikwenda msibani, na hakuna aliyenifukuza. Mbombo alinipokea mkono na kuangalia pembeni. Kila nikipika nampelekea unga, anaupokea, anasema asante, basi. Kicheko chake sijakisikia tena, wala sistahili kukisikia. Nimelia mpaka nimeona aibu ya kulia, maana mtoto hakuwa wangu.

Sasa ndilo jambo lenyewe. Wiki iliyopita Tata Nkulu alikuja hapa stesheni kunitafuta. Anasema anatuonea huruma. "Tuma barua ku mujomba yabo. Abapatie jina yake, na kesho banakula. Na nyumba mutarudilia." Akaniachia karatasi ya kukupelekea usaini: watoto wawe Kabemba, wasiwe Ngeleka tena.

Ngeleka alikubali kabla yangu. "Bo babakie na weye," aliniambia. "Mi nitaenda miye peke." Alisema huku akifunga na kufungua kamba ya mzigo ambao haukuwa na haja ya kufungwa. Watu wanakufa ndani ya yale mabehewa, anawaogopea watoto. Na mimi nilikubali. Nilianza hata kukuandikia barua ya kukuomba saini.

Mignonne akalisikia hilo jina jipya. Akaliandika kwenye daftari lake kwa mwandiko mzuri, Mignonne Kabemba, mistari mitatu, akanionyesha. Kisha akauliza, "Mama, na papa naye atachukua jina ya mujomba?"

Nilikaa na ile karatasi, mimi Mama Meka, nikafanya hesabu ninayoijua. Watoto wangu wakiwa Ngeleka, unga hautoshi. Wakiwa Kabemba, unga unatosha. Ni matumbo yaleyale mawili, Kabemba, na vikombe vilevile. Hakuna hata kijiko kimoja kinachookolewa. Basi walikuwa wanaokoa nini?

Hilo ndilo jibu ninaloweza kukupa. Mioyo ya wakubwa wa huko siijui, na naamini yuko mtu anayebana kwa nia njema, kama nilivyobana nyumbani kwangu miaka yote. Tazama tu kama anaanza na unga wake mwenyewe wa Jumamosi. Na usitafute chuki peke yake. Mimi sikumchukia Mbombo hata siku moja. Nilimpenda, na nilisaini. Mwambie jirani yako nimesema ana haki ya kuuliza.

Ile karatasi sikuitia humu. Nimewashia moto wa uji. Tunapanda treni sote wanne, inasemekana ni kesho, kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai, kwa watu wa Ngeleka ambao hata yeye hawajui. Ngeleka amenigombeza siku mbili. Jana akamwinua Muamba akampandisha mabegani.

Usiandike tena kwa anwani ya zamani. Nikifika nitatafuta padri au mchungaji wa kunipa anwani. Msalimie mkeo Jessica, na yule mama wa ghorofa ya chini. Mama mkubwa wa Fungurume akikuandikia kunilaumu kwa kuwapeleka watoto mbali na ukoo, mvumilie, ni mzee. Mungu akufunike huko uliko, na atuache tuonane tungali tunatambuana.

Limebaki moja. Nilipomwambia Ngeleka kwamba watoto wanakwenda na jina lake, aliniuliza mjomba wao amesemaje. Barua kwako huchukua miezi, na treni haingoji. Nimemwambia umekubali. Tafadhali, muloko wangu, uwe ulikubali.

Yaya yako akupendaye daima,

Godelieve wa Ngeleka