Nyundo Nyuma ya Sauti ya Baba Nuru

Nuru amelaza simu yangu. Ameiweka juu ya mto, akaivutia kitenge mpaka shingoni, ingawa simu haina shingo, akaipigapiga mgongo kama ninavyompigapiga yeye. Nilipotaka kusema kitu akaniwekea kidole mdomoni.

"Shii. Baba analala."

Halafu naye akalala palepale, pua imegusa kioo. Nimeichomoa taratibu ili niandike.

Ni Jumamosi, adhuhuri imepita. Mvua imekatika sasa hivi na mabati bado yanadondosha. Ni lile joto la baada ya mvua, nguo inakunata mgongoni.

Ukurasa huu ni kazi ya darasa. Madame Goreth, anayetufundisha sisi wamama tulioacha shule mapema (mi niliishia mwaka wa sita), alimfungulia kila mmoja ukurasa wake, akasema tuandike kila juma na tusiogope makosa. Mpaka leo nimeandika mambo ya bei ya unga na meno ya Nuru. Leo naandika jambo ninaloliogopa.

Baba Nuru alipanda meli hapa bandarini kwenda upande wa Zambia kutafuta kazi ya gereji. Nuru alikuwa bado anatambaa. Mwanzoni alitutumia sauti yake karibu kila siku, halafu mara moja kwa juma. Halafu, kabla ya Ramadhani, kimya. Ramadhani ikaja, Idi ikapita, kimya kilekile.

Ijumaa ya juma lililopita, namba nisiyoijua ilinitumia sauti.

"Mama Nuru, ni mi. Ile simu ilipotea. Nimepata nyumba, mukuje. Kuna mama mumoja atapita kuwachukua na gari. Umuandae mutoto. Usiongee na watu."

Ilikuwa yeye. Namna yake ya kuvuta pumzi kabla ya kunitaja. Kale kacheko kake mwishoni, kama mtu aliyekumbuka kitu cha siri. Nilikaa chini sakafuni na sufuria mkononi. Nilipopiga, hakupokea. Akatuma sauti nyingine, kwamba mtandao wa huko ni mbaya, nisipige, nijibu tu.

Bibi, yaani mama yake mume wangu ninayeishi naye hapa Buyenzi, alilia, kisha akasali rakaa mbili za shukrani. Tangu siku hiyo kila alasiri ananiomba nimfungulie ile sauti. Ameshapanga begi la Nuru, juu kabisa ameweka gauni la Idi. Na namba ile ilipouliza tunakaa wapi siku hizi, Bibi alinipokonya simu akaeleza mwenyewe, kuanzia pa kugeukia mpaka rangi ya geti.

Mtu husahau vipi nyumba alimozaliwa?

Swali hilo sikujiuliza siku hiyo. Furaha inafunga macho kuliko usingizi.

Nilipoanza darasa nilidhani tutasoma herufi tu. Madame akasema dunia ya sasa kusoma kwa aina moja hakutoshi. Tukajifunza kusoma tarehe kwenye kopo la maziwa, na kijiko cha dawa, kimejaa au nusu. Tukasoma ujumbe unaokupongeza kwa kushinda mchezo ambao hukucheza. Siku moja alituonyesha foto ya bwana mmoja mtanashati sokoni. Tulimsifu mpaka madame akatuambia tumhesabu vidole. Sita mkono mmoja. Mama Bela, anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akasema huyo huyo ndiye anamfaa, atamsaidia kufua. Tulicheka mpaka madame akatafuta kiti.

Jumatano hii hatukucheka. Madame alituambia tufumbe macho. Tukamsikia anatusalimia mmoja mmoja kwa jina, anamuuliza kila mtu habari za watoto wake. Aliponifikia akasema, "Na Nuru, amelala vizuri?" Nikaitika, "Vizuri." Kisha akasema tufumbue.

Madame alikuwa anakunywa maji. Na sauti yake ilikuwa bado inatusalimia.

Mama Bela alishika rozari. Mi nilisema astaghfirullah. Madame akaonyesha simu aliyoiweka juu ya dirisha, akatueleza kwamba mashine ikipewa kipande cha sauti ya mtu, hata kidogo, inaweza kukishonea maneno ambayo huyo mtu hajawahi kuyasema. Sauti nayo inasomwa, akasema. Usisikilize mdomo tu. Sikiliza nyumba iliyo nyuma ya mdomo.

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye mkeka, simu sikioni, macho nimefumba. Nilimsikiliza Baba Nuru kama namsikiliza mtu asiyenihusu. Nikayaacha maneno yapite.

Nyuma yake: to, to, to. Kimya. To.

Nikarudia. To, to, to. Kimya. To.

Mlio ule mtaa wetu wote unaujua. Ni Mzee Saidi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, fundi wa kutengeneza mbabula, yaani majiko ya makaa. Alipiga bati mara tatu, akanyamaza kuligeuza, akapiga moja. Hivyo kutwa nzima, miaka yote. Watoto wa mtaa walijifunza kutembea kwa nyundo ile.

Mzee Saidi tulimzika baada ya Idi.

Sasa anafanya nini Zambia?

Nilitafuta sauti za zamani. Nilipojifungua Nuru nilikwenda kukaa arobaini kwa mama yangu kule Ruziba, na Baba Nuru alikuwa ananitumia sauti akiwa hapahapa barazani. Zote zina nyundo nyuma yake. Na kile kicheko, kile cha siri, kimo humo, mara moja tu, aliponiambia amejaribu kupika ugali ukamshinda. Ni kicheko hichohicho. Sasa kinachekea kila kitu.

Nilimpigia madame. Hakunicheka. Aliniambia niiulize ile sauti jambo ambalo halijawahi kupita kwenye simu.

Kwa sisi Waislamu mtoto akishaadhiniwa sikioni, analambishwa kitu kitamu. Watu wote wanajua ni tende. Lakini siku aliyozaliwa Nuru mvua ilifunga njia na tende haikupatikana, wala kwetu wala kwa majirani. Baba Nuru akamenya kamaramasenge, ile ndizi ndogo ya sukari, akaitafuna kidogo, akampaka kaakaani. Nuru akakunja uso kama mzee aliyepewa kahawa bila sukari. Tuliokuwepo tuliona, lakini hakuna aliyelitangaza. Bibi aliona aibu kidogo, akasema haina haja watu wajue.

Nikauliza: siku ile ulimlambisha nini mtoto?

Jibu lilikuja haraka mno, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango.

"Tende, Mama Nuru. Tende. Sasa umuandae mutoto."

Kicheko. To, to, to. To.

Leo asubuhi, kabla mvua haijaanza, nilimwambia Bibi. Alinikasirikia kweli. "Baba anaita mutoto wake, we unamuuliza maswali kama polisi?" Akasema mwanamume mwenye mawazo ya kazi kichwani anasahau, hata mume wake alikuwa anasahau majina ya watoto. Akasema mtoto ni wa ukoo wao na mi sina haki ya kumtenga na baba yake. Nilimwekea tu simu sikioni, nikamwomba aache maneno, asikilize nyuma.

Akasikiliza. Nikaona kidole chake kinagonga goti. Mara tatu, kikatulia. Mara moja.

"Saidi," akasema.

Baadaye kidogo akasema labda hata huko kuna fundi anayepiga hivyo. Nikasema labda. Nikamkumbusha ile ndizi. Hapo aliondoa simu sikioni polepole, akaiweka sakafuni, akajisogeza mbali nayo.

"Basi mwanangu yuko wapi?"

Nimeshajifunza kusoma sauti na kugundua kwamba si yake. Hakuna somo linaloniambia yeye mwenyewe yuko wapi, na simu yake yenye maneno yetu yote imeshikwa na mkono wa nani.

Bibi akainuka, akaipita simu pale sakafuni kama mgeni ambaye hakuna anayetaka kumkaribisha chakula, akatoka nje.

Nakiri jambo moja. Baada ya Bibi kutoka, niliifungua tena ile sauti. Si kwa kuchunguza. Nilikuwa namkumbuka tu. Na Nuru akaamka, akasema, "Baba," akanyoosha mikono apewe.

Ningefanyaje?

Lakini hata watu walio hai huibiwa simu. Hilo nimemwambia Bibi, na nalirudia hapa ili nilione limeandikwa. Mtu anaweza kuibiwa simu na bado yuko mahali anafungua injini, anajiuliza kwa nini mke wake hapokei. Nalishika hilo. Jumatatu madame atatusindikiza polisi, kisha twende bandarini kwa wale mabaharia wanaorudi kutoka Zambia. Hao wanakumbuka nyuso za watu, tutawauliza ana kwa ana. Namba ile madame kasema nisiifute wala nisiijibu tena.

Ninachokiogopa ni lile geti ambalo Bibi alilitaja rangi.

Sasa hivi gari limesimama nje. Injini haijazimwa. Kuna mwanamke anabisha hodi, sauti laini, kama ya mtu anayekwenda kumwona mzazi aliyejifungua hospitali. Simsikii vizuri anachosema. Bibi ndiye namsikia, amefika getini. Anamuuliza mgeni, "Nuru gani?"

Tangu nijifungue Bibi hajawahi kuniita kwa jina langu hata siku moja, ni Mama Nuru asubuhi, Mama Nuru jioni. Sasa ananiita, bila haraka, kama anaomba chumvi: "Zaina, kuja umuambie huyu mama, hapa hatuna mutoto."

Nimeelewa. Nafunga chumba kwa ufunguo, Nuru akiwa ndani amelala, naenda kumwambia kwamba hapa hatuna mtoto.