Alfajiri ya Newala, Usiku wa Peru

Kaka Khalidi,

Shikamoo. Jana kwenye simu nilikwambia tu kwamba Mama amepooza. Hili nakuandikia kwa sababu sikuweza kulitamka.

Zile picha za milima yenu ya Peru Mama alizifurahia sana. Alicheka kusikia huko mnakausha viazi kwa baridi, sisi huku tunaanika korosho juani.

Alhamisi, alipomaliza sala ya alfajiri, aliniita. "Faidha, nipigie Khalidi. Nina neno naye."

Nilikuwa hoi, maana jana yake nilishinda bondeni nikichota maji. Nikamjibu, "Kule ni usiku wa manane, Mama. Amelala."

Akasema, "Basi mwache mwanangu apumzike."

Kaka, kwako ilikuwa saa tatu tu usiku, na nilijua hujalala. Nilirudi kitandani. Jua lilipotoka nikamkuta ameanguka, hawezi kusema. Neno lenyewe sikumwuliza.

Daktari anasema anasikia. Piga saa yoyote, hata tukiwa tumelala. Nitamwekea simu sikioni, nawe uzungumze naye bila kungoja akujibu.

Mdogo wako,
Faidha