Mwezi Mmoja wa Kuachisha Ziwa

Mama,

Siku ya kuanua matanga Kaka Deusi alisimama mbele ya ukoo akasema: "Wajukuu ndio waliompa mama nguvu. Bila wale watoto asingefika umri ule." Watu wakaitikia. Mama mmoja wa jumuiya akafuta machozi. Mimi nilinyamaza kwa kuuheshimu msiba wako. Leo sinyamazi. Kaka alisema uongo, na uongo huo ni mtamu kwa sababu unatuosha sisi sote watatu uliotuzaa.

Nimesoma mengi juu ya jambo hili, na wewe ulikuwa unanicheka kwa kusoma kwangu na kwa makala zangu za gazetini. Wapo wanaoandika kwamba bibi akiwa karibu na wajukuu anachangamka. Sibishi. Mjukuu anayekuja asubuhi, akala mhogo, akakutania meno yako, jioni akarudi kwao, huyo anampa bibi raha. Lakini wewe uliachiwa wanne moja kwa moja. Hapo hakuna bibi tena. Kuna mama aliyelazimishwa kuanza upya, akiwa na presha na magoti yaliyokwisha.

Tena tulianza kwa desturi, ndiyo maana hatukuona aibu. Kwetu mtoto wa kuachishwa ziwa anapelekwa kwa bibi, alale huko mpaka asahau. Nilikuletea Oliva hapo kijijini Litapunga na mfuko wenye magauni matatu, nikasema mwezi mmoja. Ukasema, "Wee niachie huyo, nenda kafundishe." Oliva sasa yuko darasa la pili. Kaka akaleta wake wawili kutoka Kibaoni kwa mtindo huohuo, mdogo wetu Yasinta akamalizia na wa kwake. Hakuna aliyekuomba ulee mpaka wakue. Kila mmoja alisema mwezi mmoja. Watoto walisahau ziwa siku nyingi. Sisi ndio hatukurudi.

Ulilalamika kwa utani, nasi tukajifanya tumesikia utani tu. Siku moja nilikuwa naisema serikali barazani kwako, ukaniambia: "Mwalimu, ukimaliza na serikali njoo umseme mwanao, anakula udongo." Tulicheka. Ulikuwa umeshika kiuno kwa mikono miwili. Niliona, Mama. Niliona, nikaendelea kuongea.

Kuna Alhamisi ulinipigia. "Nina kliniki ya presha mjini, uje ukae na hawa." Nikakutumia nauli ya bodaboda, kana kwamba ulichokosa ni usafiri. Hukwenda. Na hukuniomba tena.

Baada ya mazishi, tulipokuwa tunagawa kanga zako, nilikuta sandukuni vidonge vyako vimefungwa kwenye kitambaa. Paketi kwa paketi, hazijafunguliwa. Nikamuuliza mdogo wako. Mama Mdogo hakutaka kusema; alikunja kanga ileile mara tatu. Kisha akasema: "Alikuwa anasema vinamzungusha kichwa, na asubuhi kuna maji ya kuchota na uji wa wanafunzi. Alisema atavimeza mkishawachukua watoto wenu."

Mkishawachukua. Ulikuwa unatusubiri.

Ulianguka njiani kutoka kisimani, mtoto wa Yasinta mgongoni, na ulianguka kifudifudi. Mtoto hakupata hata mchubuko. Majirani wanasema ni muujiza. Mimi nasema ni wewe. Hata mwili ulipokukatalia, ulichagua upande wa kuangukia. Uso wako, Mama. Tulipokuaga niliuona uso wako. Hapo siwezi kuendelea.

Nikueleze yaliyobadilika. Nyumba yako imefungwa. Mahindi yako tumevuna sisi, vibaya, kama watu wa mjini. Oliva ninaye Mpanda, na ananiita Mwalimu kwa kuwa ndivyo alivyokusikia wewe ukiniita. Jioni anauliza lini atarudi nyumbani, nami najua nyumbani anakosema si kwangu. Hilo nalo tumelifanya sisi.

Wale watatu wako kwa Mama Mdogo. Kikao cha ukoo kimeamua wakae hapo kwanza. Mwezi mmoja, alisema Kaka. Mama Mdogo alikubali haraka, kama ulivyokuwa unakubali wewe, na wiki iliyopita nilimkuta amekaa chini ukutani anahema, mtoto bado yuko mgongoni, hana nguvu ya kumfungua. Akanitolea sauti ya kicheko. "Mgongo huu una kelele tu," akasema. Mama, hayo yalikuwa maneno yako.

Lala sasa. Nyoosha mgongo, hakuna atakayekuita. Naahidi mdogo wako hatakufuata kwa njia hiyohiyo huku mimi nikiandika makala.

Barua hii nitaisoma kwa sauti kwenye arobaini yako, uani kwa Mama Mdogo, ndugu wote wakiwa wamekaa. Kwa hiyo mwisho wake si wako, ni wao.

Kaka Deusi, Yasinta: nina hatia sawa na nyie, sijitoi. Lakini msiniambie habari za kazi, za mke mpya wala za chumba kidogo. Watoto wameshaoga na nguo zao zimefuliwa. Kabla hamjanawa mikono mle chakula cha leo, kila mmoja asimame amshike wake. Msitoke kwenye ua huu bila wao.