Simu Iliyolia Mara Mbili

Sumbawanga,
Jumapili jioni

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute barazani kwako Ujiji, miguu imepunguza kuuma, na Neema yuko kando akikusomea. Neema, mwanangu, soma polepole, usiruke hata pale nilipomtaja baba yako. Mimi ni mzima. Baridi ya huku bado inanishinda. Asubuhi najifunga kanga mbili juu ya sweta la marehemu, lile la kijani ulilosema akilivaa anafanana na hindi bichi.

Mama, dereva wa basi alinifikishia maneno yako, kwamba siku hizi nimekutupa, kila ukipiga sipatikani. Sijakutupa. Chumba nilichopanga kimepakana na ukuta wa gereza, ninakowapikia askari chakula cha mchana. Huko ndani wafungwa walikuwa na simu za kuficha, wakituma zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Basi ukaletwa mtambo wa kuzuia mawasiliano. Ni makabati ya chuma na milingoti mifupi juu ya ukuta. Hautoi mlio wowote. Lakini siku ulipowashwa, simu za mtaa wetu wote zilikufa nazo.

"Mama Neema, sasa hata wachawi wa Sumbawanga hawapatikani," askari mmoja alinitania akipokea sahani yake.

"Kwa hiyo mtambo umekata mtandao wote?" nilimuuliza.

"Haukati kitu. Unapiga kelele. Sisi hatusikii, ila simu zinasikia, mpaka hazisikilizani."

Tangu hapo nikiwa peke yangu natega sikio. Sisikii kitu, ila simu inapata moto mfukoni kama mtoto mwenye homa, inatafuta na kutafuta mpaka chaji inaisha. Watu wanasimama milangoni wanatazama vioo vya simu. Anayetaka kupiga anapanda kilimani, kwenye tanuri la udongo ambalo Wafipa wa zamani waliyeyushia chuma. Limesimama peke yake shambani, refu kuliko mtu. Bibi mwenye nyumba hukohoa kabla ya kulikaribia, kama anayebisha hodi.

Sasa nikueleze lililonifanya niandike.

Unakumbuka mwanao alivyokuwa bahili wa vocha. Akipeleka mahindi ya Laela na lori lake, akifika salama alikuwa hapigi, anabipu. Inalia mara mbili, anakata. Hapo ndipo nilipokuwa napakua chakula changu. Safari ile aliyofia njiani nilikaa na simu mapajani mpaka ugali ukawa mgumu. Haikulia.

Kwenye arobaini wazee walikukabidhi simu yake na laini yake. Mara ya kwanza uliponipigia, kioo kiliandika Baba Neema, nikaangusha mwiko. Ulicheka, kisha tukalia wote. Ukaniambia, "Mwanangu, futa hilo jina uandike Mama, utapata presha." Nikaitikia. Lakini kidole kimekataa mpaka leo.

Alhamisi alasiri ukungu ulishuka mpaka kwenye mabati, na umeme ukakatika. Mtambo nao ukazima. Mama, simu za mtaa mzima zililia kwa pamoja, ndani ya vyumba, kwenye mifuko ya watu, hata kwenye duka lililofungwa. Bibi alishika fremu ya mlango. "Zimeamka," alisema.

Yangu ilikuwa juu ya ndoo ya unga. Kioo kiliandika Baba Neema. Ikalia. Ikalia tena. Nilinyoosha mkono wenye unga, ikanyamaza kabla sijaigusa. Nyuma ya ukuta jenereta likakohoa, likanguruma, na kila simu ikafa pale pale. Mpangaji wa chumba cha pili alibaki anaita, "Haloo? Haloo?"

Yule askari aliniambia jenereta ndilo lililokatiza. "Mtu alikuwa anakupigia, mtambo ukarudi. Ndiyo maana imelia mara mbili tu." Inawezekana. Ila mimi nilisikia ikinyamaza kwanza, jenereta likafuata. Bibi hakubishana naye. Alisema tu, "Aliyefika amefika," akaingia ndani.

Kesho yake nilipanda kilimani nikupigie. Upepo ulikuwa unaingia na kutoka kwenye mdomo wa tanuri kama mtu anayepumua usingizini. Mtandao ulikuwepo. Niliweka kidole juu ya jina lake, nikasimama hivyo mpaka mkono ukafa ganzi. Niliogopa kupokelewa, na niliogopa kutopokelewa. Nikashuka.

Nisalimie wifi yangu muuza mawese, mwambie sweta la kaka yake halijachakaa. Msalimie baba mdogo mshona nyavu, na yule jirani aliyemwosha marehemu. Namwombea kila siku. Neema, mshike bibi yako mkono akienda kisimani.

Mama, kama Alhamisi alasiri ulipiga wewe, Neema aniandikie hivyo. Siku hiyo hiyo nitafuta jina niandike Mama, na kila Ijumaa nitapanda kilimani tuongee. Kama hukupiga, usiniandikie neno lolote juu ya hilo. Nitajua amefika, nami nitapakua chakula.

Ni mimi mkweo nikupendaye,
Mama Neema