Kibuyu cha Bakwe

Siku ya Posho, 7 Mei 1983
Katika Baraka yote hakuna muntu wa bahati kama mi Placide! Nimerudi toka Kinshasa na mwili. Mashavu! Miguu! Viatu vimekataa kuingia. Bamama ba soko wamepiga vigelegele — directeur amefika! Shemeji Bonaventure, ndugu ya muke wangu, akanizunguka kama anachagua ng'ombe. Eti walinilisha nini huko? Bière baridi na kuku, nikamwambia, na kurushwa na avion juu yake.
Ile mashini ya hôpital nimewaeleza vizuri. Inavuta damu ya muntu, inaifua, inamurudishia. Mara mbili kwa juma. Tulilala pale wazee watupu, figo zimekufa — mmoja anasali, mwingine anatukana infirmière anayemuchoma sindano, mi nawachekesha wote. Wakauliza kama nimepona. Mulishaona mugonjwa mwenye mashavu haya?

Siku ya Tatu, 11 Mei
Godelieve amebonyeza mguu wangu. Shimo likabaki. «Baba Dorothée, mafuta gani haya?» Mafuta mapya, nikasema, bado hayajakomaa! Hakucheka, muke wangu. Akauliza kama mashini imeniachilia. Ni mi nimeiacha! Mi si mbuzi wa kufungwa kamba. Siku ya Mungu bakwe wanatoka Lubondja kumuchukua binti yetu Dorothée kwa ndoa. Kwetu baba asipomaliza kibuyu cha pombe ya kasiksi mbele yao, amekataa mukwe. Mashini itaninywea?

Siku ya Tano, 13 Mei
Nimelala nimekaa. Nikijilaza, pumzi inakimbia. Docteur alisema maji kikombe kimoja kwa siku, na kila kitu cha ndizi, mwiko. Na kasiksi ni nini? Ndizi na maji! Godelieve anataka Bonaventure anywe kwa niaba yangu. Bonaventure! Huyo atamaliza kibuyu, kisha aulize kingine kiko wapi. Hapana. Binti ni wangu.

Siku ya Mungu, 15 Mei
Bakwe wamefika. Kibuyu kiko katikati ya lupango, mbele ya nyumba, kinene kama mutoto wa kunyonya. Nimeingia ndani kutafuta kofia — nilisema hivyo. Dorothée amenifuata, nguo mpya, macho mekundu. «Baba, onja tu. Nitawaelezea mi mwenyewe.» Nikamurudisha. Bibi arusi haelezi kitu.
Bonaventure anapiga kelele nje: shemeji, bakwe wanazeeka hapa! Wanacheka. Mi pia nacheka, pumzi inakatika.
Nakuja, nimewajibu. Nakuja!
Bahati? Nilidanganya. Sikunona. Nimevimba.