Chumba cha Mbele

Mjukuu wangu Zaina,

Salamu kutoka Gitega. Mama yako hajambo. Mimi ndiye nisiyetulia: tangu uniulize kama kumdai bosi wako huko ugenini pasipoti yako aliyoishika ni ukorofi, nashona pindo na kulifumua.

Baba alipofariki, kaka yangu alishika nyumba yote. Nikaenda kwa abunzi, wasuluhishi wa mtaa, nikaketi nikingoja shangazi anisemee. Mzee mmoja akaniambia, "Binti, sheria inakupa fungu, lakini simama useme mwenyewe." Nikasimama, nikadai fungu langu. Nikapewa chumba cha mbele.

Kaka akanuna: "Basi na mama tumtunze sote." Hapo alisema kweli, nikamtunza.

Humo ndimo ninamoandikia barua hii. Nenda ubalozini, Zaina. Cherehani sitaigusa mpaka unipigie uniambie umesimama.

Bibi yako